Mauntingi ya injini ni kitu gani, na kwa nini ngumu zaidi si bora zaidi

"Mauntingi zimekwisha hizi, bosi." Mwenye Land Rover ya zamani atalisikia neno hilo siku yoyote atakayoipeleka gereji ikitetemeka hadi vioo vinalia. Wengi huitikia, hulipa na kuondoka bila kujua wamebadilishiwa nini. Kifaa chenyewe kinakaa chini, kimejaa grisi na vumbi, na hakuna anayekikumbuka mpaka kife.

Mauntingi ni pande la mpira lililogandishwa katikati ya vipande viwili vya chuma. Chuma kimoja kinafungwa kwenye injini, cha pili kwenye chasisi. Vyuma hivyo havigusani. Kinachoviunganisha ni ule mpira tu. Land Rover za Series II, IIA na III zenye injini ya silinda nne zina mauntingi nne: mbili ubavuni mwa injini, mbili nyuma kwenye giaboksi. Injini na giaboksi ni mzigo mmoja, na mzigo wote huo umekalia mpira.

Watu hudhani kazi ya mauntingi ni kuishika injini isisogee. Hiyo ni nusu ya habari. Kama ni kushika tu, bolti zingetosha. Mpira uliwekwa ili injini icheze kidogo peke yake, isilichezeshe gari zima.

Na injini lazima icheze. Chukua ya silinda nne inayonguruma taratibu kwa mizunguko 750 kwa dakika. Kila mzunguko una milipuko miwili, maana yake milipuko 25 kila sekunde. Juu ya hapo, pistoni mbili zinapopanda na mbili zikishuka, nguvu zao hazifutani sawasawa. Unabaki mtikisiko ambao hauondoki hata injini iwe mpya. Halafu kuna ile nguvu ya kujipindua: krenki, ule mtaimbo unaozungushwa na pistoni, ikizunguka upande mmoja, bloku, yaani mwili wa injini, inataka kuzungukia upande wa pili. Fungua boneti, mwambie mtu akanyage mafuta ghafla, utaiona injini ikilala ubavu. Kwa injini nyingi zilizokaa kwa urefu wa gari, upande wa kushoto ndio unaovutwa juu, kwa hiyo mauntingi ya kushoto mara nyingi ndiyo hutangulia kuchanika.

Zamani injini zilifungwa kwenye chasisi bila mpira wa maana, na abiria walivumilia. Mwaka 1931 Chrysler ilitoa gari la Plymouth ambalo injini yake ilining'inizwa kwenye mpira kwa hesabu maalumu, mtindo ulioitwa Floating Power, yaani nguvu inayoelea. Mwaka uliofuata Citroën ya Ufaransa ikauchukua kwa leseni, na magari yake yakabandikwa alama ya bata maji anayeelea. Mfano mzuri kuliko maelezo mengi ya ufundi.

Mpira ukiachana na chuma, mambo yanaweza kuwa mabaya. Desemba 1971 General Motors iliyaita yarudi kurekebishwa magari yapatayo milioni 6.7 nchini Marekani, mengi yakiwa Chevrolet za miaka ya 1960, kwa sababu mauntingi ikikatika injini ilinyanyuka na kuweza kuvuta fimbo ya mafuta, gari likakimbia lenyewe. Dawa iliyotolewa ilikuwa kipande cha kebo ya chuma cha kuizuia injini isinyanyuke.

Kwenye gari la kawaida dalili ni ndogo kuliko hizo. Unaachia klachi, chini panagonga "ko!". Gia liva inacheza ngoma. Feni inakwaruza rejeta. Bomba la ekzosi linapasuka pale pale ulipochomelea mwezi uliopita, na unamlaumu mchomeleaji bure. Adui mkubwa wa mpira huu ni oili: ukilowa, unavimba na kuwa laini kama ubuyu uliolowekwa. Kwa hiyo kabla ya kununua mauntingi mpya, ziba kwanza panapovuja, la sivyo unalisha oili mpira mwingine.

Kuzipata ndiko penye kazi. Mtu atakuletea mauntingi iliyokaa kwenye boksi lake halisi tangu gari lilipokuwa linatengenezwa, na bei yake ni ya kitu cha makumbusho. Kuwa na shaka nayo. Mpira huzeeka hata ukiwa kabatini; ukiubonyeza kwa kucha na usiingie, au ukiukunja kidogo ukaonyesha nyufa, umenunua boksi. Afadhali iliyotengenezwa karibuni. Ikikosekana kabisa, pima ya zamani: kimo chake, nafasi kati ya bolti, na thredi, yaani mikato ya bolti inamopita nati. Land Rover hizi ni za thredi za inchi. Nati ya milimita itaingia mizunguko miwili kisha itaharibu kila kitu. Fundi wa mpira mwenye moto na molda anaweza kugandisha mpira mpya kwenye vyuma vyako vya zamani, na kazi hiyo ikifanywa vizuri sioni aibu yoyote kuifunga.

Ninachokataa ni kipande cha tairi. Najua kinafanyika, na makatambuga ni viatu vizuri. Lakini tairi lina nyuzi ndani, halinyumbuki inavyotakiwa, na kulishika inabidi upitishe bolti kutoka juu hadi chini. Bolti hiyo ndiyo inayobeba mtikisiko wote hadi kwenye chasisi. Umerudi miaka ya 1920. Mauntingi za plastiki ngumu ya poliyurethani nazo zinavumilia oili na hazilegei upesi, ila utalala na mlio wa injini masikioni. Za mashindano ni za mashindano.

Kubadilisha si kazi ya siku nzima. Toa waya wa betri. Weka ubao mpana chini ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, kisha jeki, na uinue mpaka uzito utoke kwenye mpira tu, huku ukiangalia feni na paipu za rejeta. Badili moja moja, lakini usikaze. Zikishaingia zote, shusha injini, itikise ijikalie yenyewe, ndipo ukaze. Ukikaza mapema mpira unabaki umepindika tangu siku ya kwanza.

Kabla ya kuwasha, tafuta waya mnene wa athi kati ya injini na chasisi, ule unaorudisha umeme kwenye betri. Mpira haupitishi umeme. Waya huo ukisahauliwa, umeme wa stata utatafuta njia nyingine, na nimeona kebo ya choki ikitoa moshi kwa sababu hiyo hiyo.