Asilimia 95 ya nini? Dhana potofu kuhusu malipo ya mashine za sloti

Kwenye kasino zinazokaguliwa, kiwango cha malipo kinachotangazwa, yaani sehemu ya madau ambayo mashine hurudisha kwa wachezaji kwa wastani, kwa kawaida ni cha kweli. Tatizo ni kwamba wachezaji wengi wanakipigia hesabu isiyo yake. Mifano mingi hapa ni ya jimbo la Nevada, Marekani, na Uingereza, ambako kanuni zimeandikwa na mtu yeyote anaweza kuzisoma.

Dhana: Nikiingiza dola 100 kwenye mashine ya asilimia 95, nitatoka na 95.

Asilimia hiyo inahesabiwa juu ya kila dau linalochezwa, si juu ya noti uliyoingia nayo. Ushindi mdogomdogo unaingia kwenye salio, nawe unauchezea tena. Zungusha dola zote 100 mara moja: kwa wastani unabaki na 95. Zungusha hizo 95: zinabaki 90.25. Ukirudia mara 10 una kama 60, mara 20 una kama 36, na muda wote huo mashine imelipa asilimia 95 kamili. Anayebonyeza mara 600 kwa saa kwa dau la dola 1 amecheza dola 600, kwa hiyo hasara yake ya wastani ni dola 30 kila saa, hata kama mfukoni alikuwa na 100 tu. Kwa hesabu hiyo kasino haina haja ya kumwibia mtu.

Dhana: Nikikaa jioni nzima, kiwango kitaonekana.

Tume ya Kamari ya Uingereza inaeleza kwamba kiwango hiki ni wastani wa michezo mingi, mara nyingi 10,000 au 100,000. Hata hiyo inaweza isitoshe. Chukua mchezo wenye ushindi mkubwa wa nadra, ambao kipimo cha kuyumba kwake kwa kila mzunguko (kadiri matokeo yanavyotawanyika mbali na wastani) ni mara 10 ya dau. Baada ya mizunguko 10,000, malipo halisi yanaweza kuangukia popote kati ya takriban asilimia 75 na 115 bila hitilafu yoyote. Kwenye mizunguko milioni 1 pengo hilo linabana hadi kati ya 93 na 97. Mizunguko elfu chache ya jioni moja haithibitishi kitu: anayetoka na faida na anayetoka mikono mitupu wote wamechezea mashine ileile, iliyo sawasawa.

Dhana: Mashine iliyokula sana imeiva, iko karibu kutema.

Ndani yake kuna programu inayozalisha namba za bahati nasibu mfululizo, hata kiti kikiwa kitupu. Matokeo yanaamuliwa papo unapobonyeza, na yaliyopita hayaingii kwenye hesabu. Aliyekaa baada yako akashinda hajakuchukulia ushindi wako. Ungebonyeza sehemu ndogo ya sekunde kabla au baada yake, ungepata namba nyingine.

Isipokuwa aina moja. Baadhi ya mashine za baa za Uingereza hujirekebisha kufuata malipo yaliyotangulia, na kanuni inataka zibandikwe maelezo yanayosema hivyo.

Dhana: Alama ya tatu ya jakpoti imepita kidogo tu, kwa hiyo nilikaribia.

Dhana hii ndiyo ngumu kuing'oa, maana macho yenyewe yanashuhudia. Mwaka 1984 Inge Telnaes alipata hataza ya Marekani ya mfumo unaotenganisha gurudumu unaloliona na lile linalotumika kwenye hesabu. Gurudumu unaloliona lina, tuseme, vituo 22 vya kusimama; kompyuta ina orodha ya vituo 64. Ukihesabu kwa macho magurudumu matatu, jakpoti ni 1 kati ya 10,648. Kama kila gurudumu lina kituo kimoja tu cha jakpoti kati ya 64, nafasi halisi ni 1 kati ya 262,144. Vituo vinavyozidi vinaweza kupewa nafasi tupu zilizo juu na chini ya alama ya jakpoti, ndiyo maana unaiona ikipita jirani mara kwa mara. Mashine ilishachagua namba kabla magurudumu hayajasimama. Hukukaribia chochote.

Dhana: Meneja anabana mashine wikendi ili zilipe kidogo.

Mashine za seva, yaani zilizounganishwa na kompyuta kuu ya kasino, zinaweza kubadilishwa kutoka ofisini, lakini Nevada inadai mashine ikae dakika 4 bila mchezaji kwanza, kisha ifungwe dakika 4 nyingine ikiwa na tangazo kwenye skrini. Kiwango cha chini kisheria ni asilimia 75 Nevada na 83 New Jersey. Meneja anayetaka faida zaidi hununua tu mchezo wa asilimia ndogo, kihalali.

Dhana: Penye leseni hapawezi kuchezewa.

Panaweza. Mwaka 1989 ilibainika kwamba mashine za poka za American Coin huko Nevada zilipangwa kuzuia mkono mkubwa kabisa, yaani mpangilio wa karata unaolipa zaidi, na kampuni ikapoteza leseni. Ron Harris, mtaalamu wa kompyuta wa bodi yenyewe ya Nevada inayodhibiti kamari, alikamatwa 1995. Alikuwa akiingiza programu yake kwenye mashine wakati wa ukaguzi, ila yeye aliziibia kasino. Leseni inaleta ukaguzi wa chipu: programu iliyomo inalinganishwa na nakala iliyoidhinishwa. Dubwi la uchochoroni lisilosajiliwa halina hata hilo.

Dhana: "Hadi asilimia 98" ni kiwango cha ukumbi mzima.

Neno "hadi" linaweza kutimizwa na mashine moja. Uingereza unaweza kusoma kiwango cha mchezo wenyewe kwenye mashine au ukurasa wake wa msaada. Nevada mashine haikuonyeshi. Kuna ripoti za kila mwezi za bodi, zilizopangwa kwa thamani ya dau, na humo mashine za senti 1 hubakiza sehemu kubwa zaidi ya dau kuliko za dola 1.