Kifaru Kisichoweza Kugeuza Shingo: Vigari vya Deraya vya Italia, 1929–1943

Wengi wetu tukisikia "kifaru" tunawaza dude la tani arobaini lenye mzinga mrefu. Kifaru kilichoingia Ethiopia na jeshi la Mussolini mwaka 1935 hakikuwa hivyo. Kilikuwa na uzito wa tani 3 na kitu, na kimo cha mita 1.28, yaani paa lake lilimfika mtu mzima kifuani. Ndani walibanana watu wawili bega kwa bega, dereva na mpiga risasi, nyuma yao injini ya petroli ya nguvu farasi 43. Chuma cha mbele kilikuwa na unene wa milimita 14 hivi, cha ubavuni chini ya hapo.

Asili yake ni Uingereza. Mwaka 1929 Italia ilinunua vigari vidogo vya minyororo vya Carden-Loyd, ikavichunguza, kisha kampuni za Ansaldo na Fiat zikaunda cha kwao. Mwaka 1933 kikatoka CV 33, yaani "gari la kasi", na miaka miwili baadaye CV 35. Baadaye vyote vikaitwa L 3. Udogo ule haukuwa uzembe. Majenerali wa Italia walitarajia kupigana mpakani kwao, katika milima ya Alps, ambako njia ni nyembamba na madaraja hayabebi uzito. Isitoshe, nchi haikuwa na chuma wala fedha za kuchezea, na kigari hiki kilitengenezwa kwa bei nafuu na kwa wingi.

Kasoro kubwa ilikuwa moja. Hakikuwa na kibanda cha juu kinachozunguka. Bunduki zake mbili za rashasha zilichomoza mbele tu na kugeuka nyuzi chache kulia na kushoto. Ili kumlenga adui aliye ubavuni, dereva alilazimika kukizungusha kigari kizima. Aliyekuwa nyuma yao hawakuweza kumpiga, na mara nyingi hawakumwona.

Waethiopia waliligundua hilo mapema. Katikati ya Desemba 1935, jeshi la Ras Imru, kamanda wa Ethiopia, lilivuka mto Takkaze. Kikosi cha Italia cha Meja Criniti, askari wa Eritrea wapatao elfu moja wenye vifaru tisa, kikarudi nyuma hadi kwenye njia ya mlimani ya Dembeguina na kukuta Waethiopia wameshaikalia. Vifaru vikatumwa mbele vifungue njia. Huko kwenye mawe na mteremko, kasi yao ya kilomita 42 kwa saa haikuwa na maana tena. Wapiganaji walivizunguka, wakavijia kwa nyuma, wakavipanda kwa mikono yao, wakapinda mitutu na kuvitia moto. Vifaru vyote vilipotea.

Ninasisitiza tukio hili kwa sababu mara nyingi tunafundishwa vita ile kana kwamba Waethiopia walisimama tu mbele ya mashine. Walizisoma, wakazipatia dawa. Italia nayo ilijibu kwa njia ambayo ushujaa hauwezi kuizuia: kabla Desemba haijaisha, ndege zake zilimwaga gesi ya sumu ya haradali juu ya watu wa Ras Imru huko huko Takkaze.

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, Machi 1937, karibu na Guadalajara, vigari hivi vilikutana na vifaru vya Kisovieti T-26 vyenye mzinga wa milimita 45 na kibanda kinachozunguka. Havikuwa na cha kujibu. Hata hivyo, Italia ilipojiunga na Vita Kuu ya Pili tarehe 10 Juni 1940, L 3 ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa ya vifaru vyake.

Wahandisi walishaona kosa. Gari la deraya AB 41, la magurudumu, kwangu ndilo kazi yao bora: mzinga wa milimita 20 katika kibanda kinachozunguka, magurudumu yote manne yakisukuma na kukata kona, na kiti cha dereva mbele na kingine nyuma, hivyo likivamiwa linatoka kinyumenyume kwa kasi bila kugeuka. Magurudumu ya akiba yalifungwa ubavuni yakizunguka yenyewe, ili tumbo la gari lisikwame kwenye tuta. Lilitumika sana Afrika Kaskazini, na baada ya Italia kusalimu amri Septemba 1943 Wajerumani waliyachukua yaliyobaki wakayatumia wao.

Huku kwetu Afrika Mashariki magari hayo hayakufika. Mfereji wa Suez ulikuwa mikononi mwa Waingereza, na majeshi ya Italia yaliyokuwa Ethiopia, Eritrea na Somalia yalibaki na L 3 zipatazo arobaini, vifaru vya uzito wa kati vya M 11 ishirini na vinne, na magari ya deraya ya Lancia yaliyobuniwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Vipuri vilipokwisha, mafundi wa mji wa Gondar, kaskazini mwa Ethiopia, walichukua trekta la minyororo wakalivika mabamba ya chuma na kuliita Culqualber, jina la ngome ya mlimani iliyolinda barabara ya kuingia mji huo. Ngome hiyo ilianguka tarehe 21 Novemba 1941, na miongoni mwa waliopanda mlima ule kuitwaa walikuwamo askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) kutoka Afrika Mashariki. Siku sita baadaye Gondar ikasalimu amri.