Jiaogulani kandokando ya ziwa: yanayosemwa na ukweli wake

“Majani matano? Hiyo bangi!” Jirani akiona jiaogulani, mmea wa chai wenye majani yaliyogawanyika matano, hatakawia kusema. Bangi husimama yenyewe. Jiaogulani hutambaa na kupanda, na ni ya ukoo wa tango na boga. Asili yake ni Asia ya Mashariki, ambako majani hukaushwa kwa chai na yale machanga huliwa. Cha kuchunga ni kingine: vichaka vya kwetu vina mimea itambaayo ya ukoo wa mzabibu, yenye majani yaliyogawanyika vivyo hivyo. Tazama mikono ya kujishikizia. Ya mzabibu huchomoza upande wa pili wa shina, ikielekeana na jani. Ya jiaogulani huchomoza ubavuni mwa kikonyo cha jani. Ukiwa na shaka, usichume.

“Inataka jua kama maboga.” Hapana. Ni mmea wa msituni na vichakani penye unyevu. Kwa jua la Mwanza, tena karibu na mawe yanayotunza joto hadi usiku, majani hupauka na kuungua. Chini ya migomba ndipo pake: kivuli chepesi, matandazo, unyevu. Tangawizi nayo hupapenda. Watu husifu mahindi kuwa nguzo, lakini mabua ni ya msimu mmoja na jiaogulani ni ya kudumu, kwa hiyo simika fito.

“Maharage yakipandwa kando yake huilisha.” Si mara moja. Naitrojeni nyingi, yaani kirutubisho cha mimea, hubaki ndani ya maharage yenyewe hadi mizizi na majani yaoze. Ukivuna kwa kung’oa na kutupa, umeitoa shambani. Kata shina, mizizi iachwe.

“Mimea rafiki hufukuza wadudu wote.” Basi ipande kando ya matango uone! Ndugu hushiriki wadudu na magonjwa, itenganishe na matango.

“Bila mbegu huipati.” Dume na jike ni mimea tofauti, hivyo shina moja halizai mbegu. Panda vipande vyake kama marando ya viazi, vuli inapoanza.

“Ni jinsengi, inaponya kisukari.” Si jinsengi, mmea mwingine wa dawa wa Asia, ingawa watafiti wa Japani waligundua katika miaka ya 1970 kwamba mimea hiyo miwili ina baadhi ya kemikali zinazofanana. Inaweza kushusha sukari na huenda ikapunguza kuganda kwa damu, na hapo ndipo penye hatari kwa anayemeza dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda: amuulize daktari kwanza. Mjamzito aiache.