Je, wajua? "Uncle" wa Kiingereza alianza kama mjomba

Mwanafunzi wa Temeke akiandika insha ya Kiingereza kuhusu baba yake mdogo, mara nyingi huandika "my young father". Mwingereza akiisoma anaelewa jambo lingine kabisa: baba mzazi aliyepata mtoto angali kijana. "My small father" inapotosha zaidi, kwani huyo ni baba mzazi mwenye umbo dogo. Mwalimu anakata kwa kalamu nyekundu, anaandika "uncle", na darasa linabaki likiamini kwamba Kiingereza ni lugha maskini kwa majina ya undugu na kwamba Wazungu hawakuwahi kujali ndugu ni wa upande gani.

Walijali sana. Kabla Wanormani kutoka Ufaransa hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza cha kale kilikuwa na maneno manne pale ambapo leo yapo mawili. Ndugu wa kiume wa baba aliitwa "fædera", wa mama "eam". Shangazi alikuwa "faðu", na dada wa mama "modrige". Hakuna aliyemchanganya mjomba na baba mdogo.

Kifaransa kikaja na maneno yake, ambayo nayo yalitoka Kilatini, na Kilatini kilikuwa makini vilevile. "Uncle" linatokana na "avunculus", yaani mjomba peke yake. Ndugu wa baba aliitwa "patruus". "Aunt" linatokana na "amita", shangazi peke yake. Dada wa mama alikuwa "matertera". Kwa hiyo Kifaransa kilichukua mjomba na shangazi kikawatandaza pande zote mbili, na Kiingereza kikawapokea hivyo hivyo. Kinachopendeza zaidi ni kwamba "avunculus" kwa asili yake ni "babu mdogo". Warumi nao walimpa ndugu cheo cha mzee wa juu yake, kisha wakakipunguza kwa udogo, kama tunavyofanya sisi.

Uvamizi wa 1066 pekee hautoshi kueleza yote. Wajerumani hawakutawaliwa na Wanormani, lakini "Oheim" wao, yaani mjomba, alipisha "Onkel" kutoka Kifaransa. Waswidi kwa upande wao bado wana "farbror" wa kwa baba na "morbror" wa kwa mama. Kwa hiyo tusiseme tu kwamba kuchanganya pande ni tabia ya Wazungu.

Ili kuona Kiswahili na Kiingereza vinapoachana, fikiria Kiswahili kama mwenyeji anayekuelekeza njia. Kwanza anauliza: unapitia kwa baba au kwa mama? Kisha: unayemfuata ni wa jinsia moja na huyo uliyepitia kwake? Ikiwa ndiyo, jina halibadiliki. Ndugu wa kiume wa baba naye ni baba, dada wa mama naye ni mama, na kinachobaki ni umri: mkubwa au mdogo kuliko mzazi wako. Jinsia ikibadilika, jina linabadilika: dada wa baba ni shangazi, kaka wa mama ni mjomba. Ndiyo maana watoto wa baba mdogo ni kaka na dada zako, na wa shangazi ni binamu. Ni nyumba ya vyumba sita yenye korido moja (baba mkubwa, baba mdogo, shangazi, mama mkubwa, mama mdogo na mjomba): mna baba kadhaa, kila mmoja na mlango wake.

Kiingereza kinaanza na swali lingine: huyu ndiye aliyekuzaa? Kama siye, yuko nje ya geti, na huko nje kinachoulizwa ni mwanamume au mwanamke tu. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Lewis Henry Morgan, alipochapisha mwaka 1871 majedwali yake ya majina ya undugu kutoka mataifa mengi, ilionekana wazi kwamba mipangilio hii ina kanuni zake.

Katika kuandika Kiingereza, mtaje baba mdogo kwanza kwa maelezo kamili: "my father's younger brother", na baba mkubwa "my father's elder brother". Baada ya hapo "my uncle" inatosha. Penye haja ya neno moja rasmi, "paternal uncle" ni wa kwa baba na "maternal uncle" ni mjomba. Mama mdogo ni "my mother's younger sister". Usimwite "stepmother", huyo ni mama wa kambo.

Fomu zinataka uangalifu zaidi. Penye "father" weka jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa. Baba mdogo anayekulea aende penye "guardian", na kwenye uhusiano andika "uncle". Ukimweka kwenye nafasi ya baba, majina yatagongana na cheti. Mtoto wake, ambaye nyumbani ni kaka, kwenye fomu ni "cousin". Ukiandika "brother", msomaji atamhesabu kuwa mtoto wa wazazi wako. Inauma kidogo, lakini ndivyo neno linavyosomwa.

Maneno yetu nayo yanasafiri. Binamu linatokana na Kiarabu, na huko ni mtoto wa kiume wa ndugu wa baba, yule yule ambaye sisi tunamwita kaka. Kwetu limehamia kwa watoto wa shangazi na mjomba. Naye "avunculus", baada ya kupita Ufaransa na Uingereza, amefika Dar akiitwa anko, na watoto wa hapa wanamwita hivyo mjomba, rafiki wa baba, na fundi aliyekuja kutengeneza feni.