Nafasi ya pikapu kwenye gitaa la umeme ni nini?

Ni mahali pikapu ilipofungwa chini ya nyuzi: karibu na daraja (pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa), karibu na shingo, au katikati. Pikapu yenyewe ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme kidogo unazaliwa kwenye waya na kwenda kwenye amplifaya. Kwa hiyo pikapu inachukua kile kipande cha uzi kilicho juu yake tu, na uzi hautikisiki sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kwenye daraja uzi umebanwa, unacheza kidogo. Mtikisiko mkubwa unaobeba noti unafifia pale, na ile midogo ya sauti za juu inajitokeza: mlio unakuwa mkali na mwembamba. Shingoni uzi unayumba kwa upana na noti inanona, ila ukipiga haraka sauti huanza kufunikana.

Ukipata pikapu iliyofunguliwa, iunge na amplifaya, ishike kwa mkono juu ya uzi wa nne bila kuugusa, kisha mwenzako awe anapiga uzi mahali pamoja huku wewe ukiisogeza polepole. Mlio utabadilika kila sentimita. Fanyeni hivyo kabla fundi hajatia patasi kwenye mbao kuchonga tundu la pikapu!

Lindi na Mtwara tunajadili sana mbao, na si ajabu kwa watu wa mpingo na wachongaji. Lakini kwa gitaa la umeme, kuhamisha pikapu kutabadilisha mlio kuliko kubadilisha mbao.

Fender Stratocaster, gitaa la umeme lililotoka mwaka 1954, lina uzi wa milimita 648, na pikapu ya shingo iko kama milimita 162 kutoka daraja, yaani robo ya uzi. Wapo wanaoitukuza robo hiyo. Inafanya kazi kwa uzi ulio wazi tu. Ukibana freti yoyote (vile vyuma vya shingoni), urefu wa uzi unabadilika na hesabu inavunjika. La maana zaidi ni pikapu yake ya daraja kulazwa mshazari: upande wa nyuzi nene uko mbali kidogo na daraja zisikose uzito, upande wa nyembamba uko karibu zipate makali.

Kama gitaa lako litabeba pikapu moja, angalia kazi yako kwenye bendi. Mpiga solo wa dansi anayeshindana na kinanda na ngoma aifunge kwenye daraja. Kitufe cha toni kitapunguza ukali akitaka, ila hakiwezi kuongeza ambacho pikapu haikuchukua. Anayesindikiza kwaya polepole atafurahia shingoni. Kwenye daraja uzi unacheza kidogo na nguvu inapungua, hivyo pikapu ya hapo inyanyuliwe zaidi kuelekea nyuzi. Ya shingo usiinyanyue sana: sumaku itazivuta nyuzi, na gitaa litakataa kukaa kwenye tyuni.