Vitz na Passo kama gari la familia: yanayosemwa na ukweli wake

"Viti ni vitano, basi linabeba watu wazima watano na mizigo yao."

Hapa ndipo magari haya madogo ya Toyota yanapoumizwa zaidi. Japani, yanakotoka, uzito wa gari likiwa limejaa huandikwa kwenye hati zake kwa kumhesabu kila abiria kilo 55. Watu watano ni kilo 275. Wakipanda watu wazima watano wa kilo 75, ni kilo 375: umeshapita hesabu kwa kilo 100, na gunia la mchele bado liko nje. Springi za nyuma hulala, shokapu huanza kuvuja, tairi hupata joto hadi kupasuka, na breki huhitaji umbali mrefu zaidi kulisimamisha gari.

Familia yenyewe inaenea vizuri. Baba kilo 80, mama 65, watoto watatu wa kilo 35, 25 na 15: jumla 220. Zinabaki 55 za mizigo. Vitu vizito vilale sakafuni mwa buti, vikiegemea kiti cha nyuma. Upepo wa tairi upimwe asubuhi kabla ya kuondoka, tairi zikiwa baridi, kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

"Weka raba kwenye springi, litabeba zaidi."

Raba huinua bodi tu. Nguvu ya springi ni ileile. Ukiinua mbele kupita kiasi, shafti inayozungusha tairi hukaa kwa pembe kali, mipira yake ya vumbi hupasuka, grisi humwagika, mchanga huingia, kisha unasikia "ta-ta-ta" ukikata kona. Springi iliyolala ibadilishwe pamoja na mwenzake wa upande wa pili.

"Cc 1000 hainywi mafuta."

Mjini ukiwa na watu wawili, ni kweli. Likijaa watu na kupanda mlima mkali kama Kitonga, dereva hukanyaga hadi mwisho, giaboksi hushuka gia, na injini huzunguka kwa kasi kubwa muda wote. Kwa safari za namna hiyo kila mwezi, tungechagua ya cc 1300, kwa sababu haisumbuki hivyo.

"Kutetemeka ni tabia ya silinda tatu."

Injini ya 1KR-FE, ile ya silinda tatu inayoitwa cc 1000 (hasa ni cc 996), ina mtetemo mdogo wa asili. Lakini usukani na viti vikitikisika ukiwa kwenye gia ya D (ya kwenda mbele) huku umekanyaga breki, kuna kitu. Anza na plagi tatu na koili zake, safisha sehemu inayoingiza hewa kwenye injini, kisha kagua mauntingi, yaani vishikizi vya injini vyenye raba: raba iliyochanika huonekana kwa macho ukimulika tochi.

"Oili nzito huilinda injini kuukuu."

Injini hii iliundwa kwa oili nyepesi kama 5W-30. Ina mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, na kikaza mnyororo hutegemea presha ya oili. Oili nzito huchelewa kufika juu asubuhi. Iliyochakaa huacha utando. Matokeo ni mnyororo kugonga sekunde chache baada ya kuwasha. Badilisha kila kilomita 5,000 pamoja na filta. Injini hubeba takriban lita 3 tu, hivyo ikipungua lita 1, theluthi nzima imepotea. Pima kwa kijiti kila wiki.

Kuhusu rejeta: maji ya bomba huleta kutu na magamba. Tumia kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta. Gari likichemsha, zima injini usubiri ipoe kabisa kabla ya kufungua kifuniko. Kuendelea hata kilomita chache kunaweza kupinda silinda hedi.

"Oili ya giaboksi ni moja tu."

Passo za kwanza zina otomatiki ya gia nne. Nyingi za kuanzia 2010 zina CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua. CVT ina oili yake, na ukiweka ya otomatiki ya kawaida, mkanda wake wa chuma huteleza na kulika.

"Mtoto akipakatwa yuko salama."

Kwenye ajali ya kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 10 anaweza kuvutika mbele kwa nguvu ya takriban kilo 200. Hakuna mikono inayoweza kumshika. Afungwe kwenye kiti chake, nyuma. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa: ukifunguka humpiga kichwani.