Kukutwa na bangi si kuhukumiwa

Pale Mwanjelwa, Mbeya, utasikia madereva wa bodaboda wakishauriana: ukikamatwa na mzigo wenye bangi, kesi imekwisha, wewe saini tu upunguziwe. Ushauri huo umewaponza wengi.

Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa. Na kwenye dawa za kulevya kuthibitisha kuna kazi. Kwanza hati ya ukamataji mali: askari anaandika alichokamata, nawe na shahidi mnasaini. Isome mstari kwa mstari. Kama imeandikwa mifuko miwili na wewe umeona mmoja, sema hapo hapo. Kisha majani yenyewe yapimwe na Mkemia Mkuu wa Serikali, na ijulikane yalipita mikononi mwa nani hadi kufika kortini. Mahakama ya Rufani imewahi kuwaachia watu kwa sababu mnyororo huo ulikatika.

Maelezo ya onyo, yaani yale polisi anayoyaandika kwa mtuhumiwa baada ya kumwonya, ndiyo yanayoniumiza roho zaidi, maana kijana husaini asichokisoma ili arudi nyumbani Uyole. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Maelezo yaliyotolewa kwa vitisho au kipigo yanaweza kupingwa mahakamani.

Huna pesa ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwekwa kwa ajili ya wasio na uwezo. Omba ukiwa bado mahabusu, usingoje siku ya kesi.